Kimo cha Mtoto si Majaliwa

Ndovu akivunja ua wa shamba usiku katika tambarare za Sagalla au Kasigau, kijiji kizima huamka. Madebe hupigwa, mienge huwashwa, vijana hutoka, na asubuhi wazee huhesabu mashina ya mahindi yaliyokanyagwa, kisha hupeleka habari kwa chifu na kwa askari wa wanyama. Hasara ile huonekana kwa macho. Kwa hiyo hupata walinzi, mashahidi na madai. Lakini yuko mwizi mwingine katika nchi hii ya Taita na Taveta ambaye haji kwa kishindo. Hukaa ndani ya nyumba pamoja na wenyewe, hunywa pamoja na mtoto katika kikombe kimoja, na hapana mbwa anayembwekea. Huchukua sehemu ya kimo cha mtoto, sehemu ya nguvu zake, na sehemu ya akili ambayo angalikuwa nayo. Na akiisha kuichukua ni shida sana kuirudisha. Mwizi huyo jina lake ni udumavu. Nataka kumshitaki mbele ya wasomaji vijana, na pamoja naye niyashitaki mazoea yetu yanayompa malazi.

Kwanza tujue twasema nini. Mtoto husemwa kuwa amedumaa wakati urefu wake unapopungua sana kuliko ule unaotazamiwa kwa umri wake. Vipimo vinavyotumika duniani vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Kwa vipimo hivyo mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi, huongeza karibu 25 katika mwaka wake wa kwanza, na atimizapo miaka 2 hutazamiwa kufika sentimita 86 au 87. Akilazwa akapimwa katika umri huo, na urefu wake haujafika sentimita 80, huyo amedumaa. Pengine msomaji atasema kwamba sentimita 6 au 7 si kitu, kwani hazifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini mwili hauna ghala mbili, moja ya mifupa na nyingine ya ubongo. Chakula kilichokosekana kurefusha mifupa ndicho kilichokosekana kujenga ubongo, kutengeneza damu na kuupa mwili silaha za kupigana na maradhi. Ufupi ni alama tu. Upungufu wenyewe umekwenda mbali zaidi.

Uchunguzi mkubwa wa afya ya watu uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulikuta kwamba katika Kaunti ya Taita Taveta watoto karibu 24 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kwa Kenya nzima hesabu ya mwaka ule ilikuwa 26, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 18. Nafuu imepatikana, nasi twaishukuru. Lakini 18 katika 100 bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watano, na kwa jirani zetu wa Kilifi hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa 37. Kama nyumba moja katika kila tano ingeteketea kwa moto, hapana mtu angelala usingizi. Kwa nini basi twalala? Twalala kwa sababu tumejitengenezea mito ya kulalia, na kila mto una jina la hoja. Yafaa tuivute mito hiyo mmoja mmoja.

Mto wa kwanza ni asili. Husemwa barazani kwa sauti ya hekima: "Sisi ni wafupi tangu zamani. Babu yake alikuwa hivi, baba yake ni hivi. Mtoto atakuwaje mrefu?" Maneno haya yana utamu wa kumpumzisha msemaji, kwa maana kama jambo ni la damu, hapana wa kulaumiwa wala wa kutenda. Lakini si kweli. Kati ya mwaka 1997 na 2003 watoto wapatao 8,500 walichunguzwa katika nchi sita zilizo mbalimbali kwa rangi, hewa na desturi: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Ilionekana kwamba watoto walionyonya inavyopasa, wakalishwa vyema na wakakingwa na maradhi, walikua kwa mwendo ulio karibu sawa katika miaka yao mitano ya kwanza. Mtoto wa Accra hakuachwa nyuma na mtoto wa Oslo, wala wa Maskati hakuachwa nyuma na wa Marekani. Tena twaweza kujijibu kwa hesabu zetu wenyewe. Uchunguzi wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta watoto 35 katika kila 100 wa Kenya wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 18. Je, katika miaka isiyozidi 14 Wakenya walibadilishiwa babu zao? Damu ni ileile. Kilichobadilika ni malezi. Ni kweli kwamba mama mfupi aweza kuzaa mtoto mdogo, lakini yapasa tuulize ni nani aliyemfupisha mama huyo alipokuwa mtoto. Deni lililorithiwa halikomi kuwa deni kwa sababu limerithiwa.

Mto wa pili ni shibe. Mzazi husema, "Mwanangu hakosi kitu, anakunywa uji asubuhi, mchana na jioni, na analala bila kulia." Naam, analala, lakini tuutazame uji wenyewe. Aghalabu ni maji mengi, unga mweupe wa mahindi kidogo, na sukari ikiwapo. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo mno; likijazwa maji hushiba, na kilio hunyamaza. Walakini kunyamaza si kukua. Mtoto huyo ni kama taa iliyojazwa maji badala ya mafuta: imejaa, lakini haiwaki.

Elimu ya jambo hili si siri, wala haihitaji shahada. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi 6. Tangu hapo aendelee kunyonya hata miaka 2 au zaidi, na juu ya hayo apewe chakula kizito kisichochuruzika katika kijiko. Wataalamu wamekigawa chakula chake katika mafungu manane: maziwa ya mama; nafaka na mizizi; jamii ya kunde na njugu; maziwa ya wanyama na vitokanavyo nayo; nyama na samaki; mayai; mboga na matunda yenye rangi ya manjano au kijani kibichi; na mboga na matunda mengineyo. Kila siku mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate angalau mafungu matano. Msomaji na ahesabu sasa ni mafungu mangapi yaliyomo katika uji mweupe. Ni moja. Hata tukiongeza titi la mama yawa mawili, na matatu bado yanadaiwa.

Matatu hayo yako wapi? Mengi yako hapa hapa. Vilima vya Wundanyi hutoa mboga. Taveta hutoa ndizi, na Ziwa Jipe lina samaki. Nchi ya chini hutoa mbaazi, kunde na pojo, na mbuzi huonekana kila njia. Wazee wetu walituachia kimanga, yaani mihogo, viazi au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe; chakula hicho kilaini chaweza kumfaa mtoto kuliko uji wa maji, wala hapana sababu ya kukionea haya kuwa ni cha kizamani. Lakini yai hutoka nyumbani alfajiri kwenda kuuzwa Voi, na jioni hurudi likiwa sukari na majani ya chai. Ndizi hupanda lori kwenda Mombasa. Maziwa huuzwa mpaka chupa ya mwisho. Mtoto aliyelala katika nyumba yenye kuku kumi haonji yai mwezi mzima, naye hupewa chai ya rangi ambayo, badala ya kumsaidia, huuzuia mwili wake kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Simlaumu mwenye dhiki kwa kuuza. Ada ya shule haimngoji mtu. Nasema tu kwamba kabla ya kuku wa nyumba kumlisha mtu wa mjini, na ampe kwanza mtoto wa nyumba haki yake.

Mto wa tatu ni kuchelewa. Twasema, "Bado mdogo; akianza shule atapata chakula huko, ataota mwili." Hapa yapasa niseme kama mwalimu. Tangu mimba kutungwa hata mtoto kutimiza miaka 2 ni siku zipatazo 1,000: siku 270 tumboni na siku 730 nje. Katika siku hizo ubongo hujengwa kwa haraka ambayo hairudii tena maishani. Shule humpokea mtoto akiwa na miaka 6, wakati mlango huo umekwisha fungwa miaka 4 nyuma. Chakula cha shuleni ni chema, na anayekitetea atetea haki: huondoa njaa ya leo, humweka mtoto darasani na humpa nguvu za kusikiliza. Lakini ni shida sana kwake kulipa deni la siku 1,000. Mara ngapi twasikia mtoto akiitwa mzito wa akili, au mvivu, au asiyependa kitabu, na hapana aliyeuliza alilishwa nini alipokuwa na miezi 9? Tunamwadhibu kwa kosa lililotendwa kabla hajajua kusema.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mbali, katika vijiji vinne vya Guatemala, Marekani ya Kati. Kati ya mwaka 1969 na 1977 watoto wa vijiji viwili walipewa uji wenye nguvu uliojaa protini, na wa vijiji viwili vingine wakapewa kinywaji kitamu kisicho na protini. Watoto wale wakaachwa wakue. Walipotafutwa tena wakiwa watu wazima, wenye wake, waume na kazi, ilionekana kwamba wanaume walioupata ule uji mzuri katika miaka yao 2 ya kwanza walikuwa na ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa 46 katika kila 100. Walioupata baada ya umri wa miaka 3 hawakuonekana kupata faida hiyo. Uji ulikuwa uleule. Wakati ndio uliokuwa mbali. Wahenga walisema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na Guatemala wameutia usemi huo katika hesabu.

Mto wa nne ni ukame. Sitaki kuudharau. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948; maji ya chemchemi za Mzima husafirishwa kwa mabomba hata Mombasa, na wako wanawake wetu ambao bado huyatafuta maji mwendo mrefu kwa miguu; na kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya. Mtu asemaye kwamba hayo si kitu hakuwahi kuona mbuzi akianguka kwa kiu. Lakini ukame ukiwa ndio mshitakiwa peke yake, basi penye mvua pasingekuwa na udumavu. Tuvuke mpaka twende Tanzania. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoa uliozidi mingine yote kwa udumavu ni Iringa, wenye watoto karibu 57 katika kila 100, na nyuma yake Njombe na Rukwa, yenye karibu 50. Mikoa hiyo haina jangwa. Ndiyo mikoa inayosifiwa kwa mvua na mahindi, nayo huyalisha mahindi yake sehemu nyingine za nchi. Ghala limejaa na mtoto amevia. Kwa hiyo gunia la msaada, ambalo hufika na picha na hotuba, laweza kuokoa roho wakati wa njaa, na lazima lije. Lakini halitarefusha mtoto. Mahindi juu ya mahindi ni mahindi.

Tumekwisha kuitupa mito minne. Sasa yabaki swali: nani atamkamata mwizi? Wengi hujibu, "Hospitali." Tunazo hospitali Voi, Wesu, Mwatate na Taveta, na waganga na wauguzi wake wana kazi kubwa. Lakini hospitali humwona aliyepelekwa, na mtoto aliyedumaa hapelekwi, kwa sababu haumwi. Anacheza, anacheka, anakwenda dukani akitumwa. Tena katika kijiji ambamo watoto wengi ni wafupi, hapana anayeonekana mfupi. Mfupi huonekana penye mrefu. Mwizi huyu hakamatwi pale mgonjwa anapolazwa, bali hukamatwa mlangoni mwa nyumba, na wa kumkamata ni jirani mwenye maarifa.

Jirani huyo tunaye. Mwaka 2006 Kenya iliweka mpango wa afya ya jamii, na tarehe 25 Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wa nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa. Kila mmoja hutazamiwa kuangalia nyumba zipatazo 100. Yeye hujua ni nani aliye na mimba, ni nani aliyejifungua wiki iliyopita, ni nani aliyeachisha ziwa mapema kwa sababu alirudi kibaruani. Hapana daktari anayejua hayo. Ndani ya mkoba wake mna mizani, na mna utepe wa kuzungusha katika mkono wa mtoto, wenye rangi tatu: kijani ni salama, manjano ni hatari, nyekundu ni hatari kubwa. Utepe huo ni rafiki mwema na huokoa watoto wengi wasife. Lakini hebu tutazame hupima nini. Hupima wembamba, haupimi ufupi. Mtoto aliyedumaa aweza kuwa na mkono mnene na mashavu ya mviringo. Atapimwa, rangi itakuwa kijani, mama atafurahi, na mwizi atatoka kwa mlango wa mbele akiaga.

Basi hii ndiyo hoja yangu kubwa, nami sitaki ipotee kati ya nyingine: kijiji kisichopima urefu wa watoto wake hakiwezi kuuondoa udumavu, kwa kuwa hakijui kama unao. Kijitabu cha mama na mtoto kinachotolewa kliniki kina chati ya uzito, kina na chati ya urefu. Msomaji na akifungue cha mdogo wake nyumbani leo, aone kama ile ya urefu imetiwa alama zozote. Ikiwa ni tupu, amekwisha uona mlango mwizi alimopitia. Kupima kwahitaji ubao wenye kichwa kisichosogea na kibao cha miguu kinachosogea, na watu wawili, mmoja wa kumtuliza mtoto na mmoja wa kusoma. Seremala hodari wa Voi au Mwatate aweza kuutengeneza akipewa vipimo vya kufuata. Kila mtaa uwe nao. Kila miezi 3 watoto wote walio chini ya miaka 2 walazwe juu yake. Na hesabu isomwe barazani mbele ya wote, bila kutaja jina la mtoto wala kumfedhehesha mzazi: tunao watoto kadha, tumewapima kadha, waliopungua ni kadha, na safari iliyopita walikuwa kadha.

Mtu atasema, "Ubao hauliwi. Kupima si kulisha." Hakika hauliwi. Wala mizani ya mkonge hailimi mkonge. Lakini shamba lisilo na mizani halijui lavuna nini. Tena jambo hili limekwisha jaribiwa kwa watu wasemao lugha yetu. Mwaka 1983 ulianzishwa Iringa mpango wa lishe uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na serikali ya Italia, ukaingia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi 3 katika siku ya afya ya kijiji. Matokeo hayakufungiwa katika faili za mkoa. Yaliwekwa mbele ya kamati ya kijiji, nayo ikauliza maswali matatu: hali ikoje, sababu ni nini, tufanye nini na tulicho nacho? Wengine walifungua mahali pa kuwalisha watoto wakati mama zao wapo shambani. Wengine walitafuta njia za kuwapunguzia wanawake mizigo. Katika miaka isiyozidi mitano watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka karibu 6 katika kila 100 hata karibu 2. Mvua haikuongezwa; yaliongezwa macho.

Msomaji mwangalifu atanikamata hapa. Ataniuliza, "Si Iringa hiyo hiyo uliyosema kwamba mwaka 2022 iliwapita wote kwa udumavu?" Ndiyo, ni nchi hiyo. Vipimo hivyo viwili si vya namna moja, kwani zamani walipima uzito na safari hii urefu, wala mipaka ya mkoa si ileile. Kwa hiyo havilinganishwi kama shilingi kwa shilingi. Lakini fundisho lake ni wazi, tena ni kali. Mpango ulikuwa na mwanzo na mwisho. Watoto hawana mwisho, huzaliwa kila siku. Kazi hii haifanani na kujenga daraja ambalo likiisha watu hupita. Ni kama kufagia ua: asiyefagia leo, kesho atakuta majani. Ndiyo maana nataka iwe desturi ya kijiji, isiwe mgeni wa miaka mitano anayekuja kwa magari na kuondoka nayo.

Na desturi hiyo isiwe ya wanawake peke yao. Udumavu umeitwa jambo la akina mama, na kwa jina hilo akina baba wamepata ruhusa ya kukaa kivulini. Lakini ni nani mwenye neno la mwisho juu ya mbuzi auzwe au akamwe? Ni nani aketiye kwenye meza akapewa kipande kikubwa cha nyama, huku mwenye mimba akiridhika na mchuzi? Mwanamke achotaye maji, akatafuta kuni, akalima, akapika, na pengine akaenda kibaruani, anyonyeshe saa ngapi? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawataka waajiri waweke mahali pa mama kunyonyeshea kazini. Ni sheria njema. Lakini mwanamke auzaye nyanya kando ya barabara hana mwajiri wa kumdai ila mumewe na majirani zake. Baba achukuaye ndoo mbili za maji jioni amemlisha mtoto wake sawasawa na yule aliyeleta samaki, maana amempa mama saa moja ya kukaa na kumlisha polepole.

Yabaki hoja moja ya haki ambayo siwezi kuikimbia, nayo ni umaskini. Kumhubiria mtu asiye na shilingi habari za mayai na samaki ni kumdhihaki. Wala ushauri hautoshi wenyewe, kama vile choo hakitoshi chenyewe. Katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga ulifanywa uchunguzi mkubwa, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018. Nyumba zilizopewa maji safi, vyoo na mahali pa kunawa mikono, bila lishe, hazikuona watoto wao wakizidi kwa urefu. Zile zilizopewa ushauri wa lishe pamoja na chakula cha nyongeza ziliona nafuu, nayo ilikuwa ndogo. Nani atafurahi kusikia hivyo? Hata hivyo ni heri kweli ndogo kuliko ahadi kubwa. Maana yake ni kwamba udumavu una mizizi mingi, na mkono mmoja hauwezi kuung'oa. Maji, choo, chanjo, vidonge vya kuongeza damu kwa mwenye mimba, chakula cha namna nyingi, nafasi kwa mama, na msaada wa fedha kwa fukara kabisa, vyote vyatakiwa kwa pamoja katika nyumba moja. Na ni nani awezaye kujua nyumba ipi yakosa kipi, ila yule jirani mwenye nyumba 100?

Kwa hiyo serikali nayo ina deni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Na katika kifungu cha 53 yampa kila mtoto haki ya lishe, makao na matibabu. Haikuandikwa kuwa sadaka, iliandikwa kuwa haki. Tangu mwaka 2013 kazi kubwa ya afya imo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi mlango wa kubisha hauko mbali. Mhudumu wa afya ya jamii aliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa nyumba 100, hiyo ni shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi mzima. Fedha hiyo haitoshi kununua pakiti moja ya unga, na bado wapo watakaoiita mzigo wa hazina! Ulinzi wa bei rahisi namna hiyo usipolipwa kwa wakati, tusimlaumu mlinzi akienda kulima kibarua. Tumlaumu aliyemwacha bila posho.

Enyi vijana mnaosoma haya, msingoje kuwa wazazi wala viongozi. Miongoni mwenu wamo watakaozaa kabla ya miaka kumi kupita, na siku 1,000 za watoto wenu zitaanza kabla hamjawaona. Wasichana, damu yenu ya leo ndiyo ghala la mtoto wa kesho. Msikubali kula mwisho. Wavulana, jifunzeni sasa kuteka maji na kupika uji usiochuruzika, wala msione haya. Wote, someni chati ya urefu kama msomavyo ramani, mkawafafanulie wazazi ambao hawakupata bahati ya kuisoma. Na siku chifu atakapoitisha baraza, na mgombea kura atakaposimama kuahidi barabara na mabati, aondoke mmoja wenu kwa adabu, aamkie wazee, aulize swali hili moja: "Watoto wa mtaa huu walio chini ya miaka 2 ni wangapi, na wangapi wamepungua urefu?" Kiongozi asiyejua jibu hajui mtaa wake, na mtaa usiouliza haustahili kiongozi bora kuliko huyo.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumezoea kuyatumia maneno hayo kwa tabia peke yake: heshima, utii na bidii. Yanahusu na mifupa pia. Mtoto hakuchagua kilima alichozaliwa wala mwaka wa mvua aliotokea. Lakini kimo chake, kwa sehemu kubwa, kimo mikononi mwa watu waliomtangulia kufika duniani. Tusimwambie Mungu kwamba ndiye aliyemfupisha, hali sisi hatujapata hata kumpima.